Biashara Ndogo, Simu na Uwanja: Tuitane, Tukutane, Tuaminiane

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya yetu hapa England, katika kikao cha matayarisho ya sherehe za Uhuru

    

 Huenda wapo wanaojiuliza wauguzi wametokea wapi kwenye mada ya biashara. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee tuna kibiashara pembeni: huyu anapika pilau ya sherehe, yule anashona vitenge, mwingine anasuka nywele au anakaanga sambusa siku yake ya mapumziko. Ya pili, bidhaa nyingi zinazouzwa katika makundi yetu ya WhatsApp huingia tumboni au hupakwa mwilini. Zikileta madhara, mgonjwa huletwa kwetu wodini. Kwa hiyo tunasimama hapa kama wauzaji, kama wateja, na kama watu wa afya.

KIZURI NACHO KITEMBEE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee wetu wakiona mtu anatangaza maandazi yake mara tano kwa siku, hutikisa kichwa wakasema: hayo yana walakini, ndiyo maana yanatembezwa.

Tunawaheshimu wahenga, lakini tukumbuke walikuwa wakiishi wapi. Nyumbani, harufu ya vitumbua hutoka uani ikapita mtaa mzima kabla jua halijachomoza. Kila mtu anajua vya nani vina hiliki na vya nani vimejaa mafuta. Hapa Uingereza madirisha yamefungwa, jirani hatumjui jina, na anayependa vitumbua anaishi mwendo wa mabasi mawili kutoka kwetu. Hapa kizuri kikinyamaza, kinalala. Kizuri nacho hakina budi kutembea. Swali ni kitembee vipi bila kuonekana kibaya.

Jibu tunalo katika utamaduni wetu wenyewe. Mtazameni muuza kahawa wa Unguja, Tanga, Kariakoo au Mombasa. Ana dele lake la moto na vikombe vidogo mkononi. Anavigonganisha vikombe: kling, kling. Hagongi mlango wa mtu wala hamvuti mtu shati. Sauti ile inatosha kusema: nipo, kahawa ni moto. Kisha watu hukusanyika barazani. Hapo ndipo biashara yenyewe inapofanyika, kwa kahawa, kashata na mazungumzo. Muuza kahawa anajua nani hakutoka leo, na huuliza: Mzee fulani vipi, anaumwa?

Simu zetu ni vile vikombe. Uwanja tunaokutania ndio baraza. Tukiwa na vikombe bila baraza, tunapiga kelele. Tukiwa na baraza bila vikombe, tunakaa peke yetu. Hilo ndilo tulilokuja kusema leo. Yanayobaki ni namna ya kulitenda.

SIMU: KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Wengi wetu tunatupa tangazo moja kila mahali halafu tunasubiri. Vyombo hivi havifanani.

Stetasi ya WhatsApp huishi saa 24 tu. Inafaa kwa habari ya leo: sambusa zimetoka jikoni, zimebaki 30. Kundi la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, lakini ni sebule ya watu wote. Msiba unatangazwa humo, na mtoto aliyefaulu anapongezwa humo. Tangazo la viatu likiingia katikati ya rambirambi, muuzaji amepoteza wateja wengi kuliko aliowapata. Tunapendekeza kila kundi litenge siku moja ya wiki kuwa siku ya soko, na siku nyingine matangazo yasiwekwe.

Ipo njia ambayo wengi hawaitumii, nayo ni orodha ya kutangazia ndani ya WhatsApp. Inapeleka ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akiupata faraghani kama umeandikiwa yeye. Ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengine huona hiyo ni kasoro. Sisi tunaona ni kipimo cha uungwana, kwani unaongea na waliokubali kukusikia. Ndiyo maana kila unapouza, mwambie mteja: tafadhali hifadhi namba hii.

Tangu mwaka 2018 ipo pia WhatsApp Business, ambayo haina malipo kwa biashara ndogo. Unaweka orodha ya bidhaa na bei zake, saa za kazi, na jibu la kujituma lenyewe ukiwa kazini. Kwa muuguzi aliye zamu ya saa 12 na simu iko kabatini, jibu hilo linaokoa oda na linamwondolea mteja hasira.

Facebook na Instagram ni za kuwafikia wasiotujua: Mwingereza wa mtaa wa pili, Mkenya aliyehamia juzi, Mkongo wa Bukavu anayetamani kusikia Kiswahili, Mbarawa wa London. Huko picha ndiyo inayoongea. Piga picha kando ya dirisha mchana, kwa mwanga wa jua, sahani ikiwa safi. Na iwe ya chakula chako. Ukichukua picha ya pilau ya mtu mwingine mtandaoni, mteja akapokea pilau nyingine, hatarudi, na atawasimulia wenzake.

Andika bei. Neno "njoo inboksi" linawafukuza watu, kwa sababu mteja hudhani bei inapangwa kwa kumtazama sura. Andika pia mahali, siku ya mwisho ya kuweka oda, na namna ya kulipa.

Tena kuna ile methali: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Zamani baragumu haikupigwa kwa mchezo. Ikilia, watu waliacha shughuli zao wakasikiliza. Tangazo lenye jambo jipya mara mbili kwa wiki linasikika kuliko kelele za kila saa.

BEI YA UNDUGU

Kabla hatujatoka kwenda uwanjani, tuguse hesabu, maana hapa wengi wanafanya kazi ya kujitolea bila kujua.

Tuseme mama mmoja anapika maandazi 60. Unga, sukari, tui, mafuta, gesi, visanduku na nauli vinamgharimu pauni 18. Hiyo ni peni 30 kwa andazi. Anauza kwa peni 50 na anafurahi, anadhani amepata faida ya pauni 12. Lakini amekanda, amesubiri, amekaanga na amefungasha kwa saa 3. Akijilipa pauni 12 tu kwa saa, kazi yake ni pauni 36. Jumla sasa ni pauni 54, sawa na peni 90 kwa andazi. Kila anayenunua kwa peni 50, yule mama anamwongezea peni 40 kutoka mfukoni mwake.

Nasi wateja tujisahihishe. Tunalipa kahawa ya dukani pauni 3 na ushee bila kunung'unika, halafu kwa dada yetu tunaomba bei ya undugu na kulipa mwezi ujao. Undugu wa kweli ni kulipa bei kamili na kulipa leo.

UWANJA: BARAZA LETU LA KIANGAZI

Uhuru wetu unaangukia tarehe 9 Desemba, baridi kali na giza la mapema, kwa hiyo tunasherehekea ukumbini. Lakini kati ya Mei na Agosti jua la hapa linakaa hadi jioni sana. Hiyo ndiyo miezi ya kutoka.

Kukutana nje si jambo geni kwetu. Tumekulia kwenye minada na magulio. Tunaijua Sabasaba ya tarehe 7 Julai, na Nane Nane ya tarehe 8 Agosti ambapo wakulima huonyesha mazao yao. Tunaijua Forodhani ya Unguja, jua likizama na meza za urojo zikiwaka taa. Watu huenda pale kula, lakini huenda zaidi kuonana.

Kwa hiyo tunashauri jumuiya ipange siku tatu za nje kila kiangazi, katika bustani ya mji. Utaratibu uwe hivi.

Miezi mitatu kabla, kamati iombe ruhusa ya halmashauri ya mji na iwe na bima ya madhara kwa watu wengine. Iulize mapema kuhusu majiko ya mkaa, maana bustani nyingi haziyaruhusu. Wiki nne kabla, kila muuzaji atangaze kuwa atakuwepo, kwa bango moja la pamoja badala ya mabango kumi yanayoshindana. Wiki moja kabla, wateja wa simu waanze kuweka oda za kuchukulia pale pale uwanjani, ili hata mvua ikinyesha muuzaji asipate hasara yote. Siku yenyewe, kila meza iwe na karatasi yenye alama ya QR: mteja anaielekezea simu, anafika kwenye ukurasa wako. Siku mbili baadaye, weka picha na neno la shukrani. Hivyo simu imewaleta watu uwanjani, na uwanja umewarudisha kwenye simu wakiwa wanakujua sura.

Lakini uwanja usiwe soko tupu. Kabla ya kuuza, toa. Toa kionjo cha kashata. Weka bao na viti vya wazee kivulini. Wafundishe watoto rede na kuruka kamba. Anayesuka nywele asuke mistari miwili ya bure. Sisi wauguzi tutaweka meza ya kupima presha, kwa hiari na kwa siri. Presha haipigi hodi. Wengi wanayo na hawasikii chochote. Atakayeonyesha 140 kwa 90 au zaidi tutamshauri afuatilie kwa daktari wake. Na wenye umri wa miaka 40 hadi 74 tutawakumbusha kuwa NHS hapa England hutoa uchunguzi wa afya bure kila baada ya miaka 5 kwa wasio na maradhi kama kisukari au ya moyo. Wengi wetu tunaitwa, na barua tunaiweka juu ya friji.

Yupo mzee katika kila jumuiya ambaye wiki nzima hazungumzi Kiswahili na mtu isipokuwa kwenye simu. Kwake yeye siku hiyo ya bustanini ni dawa. Hilo nalo ni faida, ingawa haliandikwi kwenye daftari la mauzo.

TUNACHOUZA KISIMDHURU MTU

Sasa tunavaa kofia yetu ya kazini. Anayeuza chakula mara kwa mara, hata kama anapikia jikoni kwake nyumbani, anatakiwa kusajiliwa na halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure na hawawezi kuukataa. Baada ya hapo mkaguzi hukutembelea, na hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Ukipata 5, hilo ndilo tangazo bora kuliko video yoyote. Piga picha ile stika uiweke mbele.

Uwanjani, chakula cha moto kikae kwenye joto la nyuzi 63 au zaidi, na cha baridi nyuzi 8 au chini yake. Kipimajoto si ghali. Pilau ya nyama iliyokaa juani ikiwa vuguvugu haionyeshi dalili yoyote, hadi usiku watoto waanze kutapika.

Kubwa zaidi ni mzio. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga. Kwenye karatasi yake ufuta haukuandikwa. Wazazi wake walihangaika hadi sheria ikabadilishwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, chakula kinachofungashwa na muuzaji mwenyewe kabla mteja hajakichagua lazima kiwe na jina na orodha kamili ya vilivyomo, huku vitu 14 vinavyoleta mzio vikikolezwa wino. Kwa oda ya simu, mteja aelezwe kuhusu vitu hivyo kabla hajakamilisha kununua, na tena anapopokea.

Tazameni jiko letu: ngano ya chapati, maziwa, mayai, karanga na ufuta wa kashata, korosho, samaki, kamba, pweza, haradali ya achari. Vyote vimo katika ile orodha ya 14. Kuandika "viungo vya asili" hakutoshi. Andika karanga, andika ufuta.

Halafu kuna krimu. Tunaziona zikitangazwa kwa picha za uso wa kabla na wa baada, bila orodha ya vilivyomo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi hapa Uingereza, na nyumbani Tanzania pia zimepigwa marufuku. Steroidi kali hutolewa kwa cheti cha daktari. Ngozi hunyauka na kuacha makovu. Zebaki huharibu figo, na hudhuru hata mtoto aliye tumboni. Tunawaomba wasimamizi wa makundi: tangazo la namna hiyo lifutwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa dawa za majani zinazodaiwa kuponya kisukari au presha. Uwatu na mlonge ni vyakula vizuri. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake ale mlonge, huyo hauzi chakula tena, anacheza na roho ya mtu.

Na kwetu sisi wauguzi: sare ya hospitali na bidhaa ya biashara visikae kwenye picha moja. Imani ya mgonjwa kwa sare ile si mtaji wetu.

SHERIA ISITUKUTE NJIANI

Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Mwenye viza ya kazi inayotegemea udhamini wa mwajiri asome masharti yake, au amwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kabla ya kuuza hata sambusa moja. Tangazo la Facebook husomwa na kila mtu. Pauni 200 za sambusa zisije zikagharimu viza ya familia nzima.

Kwa wanaoruhusiwa, mamlaka ya kodi inasamehe pauni 1,000 za kwanza za mapato ya biashara kwa mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili. Hayo ni mauzo, si faida. Weka daftari tangu siku ya kwanza. Anayeuza nguo au mapambo kwa mtandao ajue pia kwamba mteja ana siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea, isipokuwa kwa kitu kilichoshonwa kwa vipimo vyake.

WATOTO WETU NI MAFUNDI

Watoto, sasa tunaongea nanyi. Ninyi mnaijua simu kuliko sisi. Msaidieni mama kukata video na kupanga picha. Maelezo yaandikeni kwa lugha mbili, Kiswahili juu na Kiingereza chini. Mtakapomwuliza bibi "vibibi" tofauti yake na "vitumbua" ni nini, mtakuwa mmejifunza Kiswahili bila kukaa darasani.

Nasi wazazi tuwalinde. Instagram, TikTok na Facebook haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo ukurasa uwe wa mzazi. Picha ya mtoto wa mwenzako uwanjani usiiweke bila ruhusa ya mzazi wake. Sare ya shule na mlango wa nyumba visionekane.

KWA KUMALIZIA

Kanga za zamani zilikuwa na maandishi madogo pembeni: K.H.E. Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Mombasa lililoanza karne ya 19, na hadi leo kina mama huitafuta alama ile kabla ya kulipa. Jina lile halikujengwa kwa siku moja, wala kwa kelele. Lilijengwa na kanga iliyofuliwa mara mia ikabaki na rangi yake.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, kauli ya wakati ule ilikuwa Uhuru na Kazi. Kwetu tulio ugenini, kazi ni pamoja na hivi vibiashara vya jikoni na cherehani vinavyolipa ada ya shule huku na bati la nyumba kule. Tuombe mambo matatu kwa kamati: siku moja ya soko katika makundi yetu, siku tatu za bustanini kiangazi kijacho, na kanuni kwamba hakuna meza ya chakula bila usajili wala krimu bila orodha ya vilivyomo. Meza ya presha tunaiahidi sisi.

 Heri ya Uhuru kwenu nyote.